Picha ya Mama na Cherehani

Siku ya kwanza Séphora hakumtilia maanani yule mwanamke. Ilikuwa Jumatatu, siku ya kufungua Wiki ya Picha katika maktaba ya mji, na watu wa Kamina walikuwa wamefurika mpaka barazani, kila mmoja akitafuta sura ya babu yake. Siku ya pili mwanamke alirudi, na Séphora akamtupia jicho. Siku ya tatu aliporudi tena na kwenda kusimama palepale aliposimama jana na juzi, Séphora aliweka kalamu chini akaanza kumchunguza.

Alikuwa hajafika miaka arobaini, kitenge chake cha bei, mkoba mkubwa mweusi begani. Hakuangalia picha za harusi wala za ubatizo, wala ile ya timu ya mpira ya wafanyakazi wa reli iliyokuwa ikiwavunja watu mbavu kwa kaputula zake. Alisimama karibu na dirisha, akaangalia picha moja tu, nusu saa nzima, bila kuketi. Katika daftari la wageni alikuwa ameandika jina moja, Tshala, na mahali pa anwani akapaacha wazi.

Maktaba ile ilikuwa jasho la Séphora. Alipokabidhiwa ufunguo miaka sita nyuma, alikuta vyumba viwili, mchwa kwenye rafu, na kuku wa jirani wanataga nyuma ya kamusi. Yeye alikuwa mwalimu na binti wa mwalimu, Mmetodisti wa kuzaliwa, mtu asiyeweza kuona kitabu kimelala kifudifudi. Alisafisha, akaomba rangi, akaanza kuwaita watu. Jumanne kina mama walikuja kujifunza kusoma. Alhamisi vijana walibishana kwa Kifaransa. Jumamosi watoto walisomewa hadithi kwa Kiswahili na Kiluba, wakirundikana kwenye mikeka mpaka mlango haufungi. Wiki ya Picha ilikuwa wazo lake jipya: kila familia ilete picha zake za zamani, zitundikwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, watu waone mji wao ulivyokuwa. Wake wa wanajeshi walikuja nazo kutoka Base, kambi ya jeshi, wakulima wakaja nazo zimefungwa ndani ya vitabu vya sala. Na Kisimba, ambaye marehemu baba yake alikuwa na studio karibu na stesheni, alileta boksi zima.

Picha aliyokuwa akiitazama Tshala ilitoka kwenye boksi hilo. Ilimwonyesha mama mmoja na kijana mbele ya mlango wa nyumba, wameshika cherehani yenye meza ya chuma, huyu upande huu na yule upande ule. Kijana alikuwa amevuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. Nyuma ya picha marehemu mpiga picha alikuwa ameandika mwaka tu, 1992. Séphora aliyajua mambo ya mwaka ule, alikuwa na miaka kumi na miwili: watu wa Kasai walifukuzwa Katanga, wakalala stesheni wiki nyingi na mizigo yao wakingoja treni. Basi alikuwa amechukua kadi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Kijana anamsaidia jirani kuhama." Ilimfurahisha kwamba hata katika mwaka mbaya vile alikuwapo mtu mwema.

"Mama," Tshala alisema siku hiyo ya tatu, akija mpaka mezani, "naweza kukamata ile foto na telefone?"

"Hapana, mama. Comité ilikataza."

"Juu ya nini?"

"Foto za batu zisitembee-tembee mu WhatsApp. Njo sheria."

Sheria yenyewe ilikuwa na umri wa siku moja. Kaka yake Séphora, Ézéchias, mkuu wa shule na mwenyekiti wa kamati ya maktaba, alikuwa ameileta Jumanne asubuhi kwa karatasi iliyopigwa muhuri. Séphora aliibandika mlangoni bila kuuliza. Tangu utoto wake Ézéchias akisema jambo lilikuwa limesemwa.

"Na mwenyewe wa foto iko wapi? Nimuombe yeye."

"Mwenyewe njo Kisimba. Alienda mu mugini leo asubuhi. Atarudia Samedi."

Tshala aliangalia picha, akamwangalia Séphora, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu siku. Kisha akatoka.

Hakuwa amevuka hata kizingiti sawasawa, Mama Mira akasogea. Mira alikuwa mwanafunzi wa Jumanne, mjane mwenye ulimi mwepesi, na wiki ile yote alijipa kazi ya kukaribisha wageni.

"Ule mama haiko wa huku," alinong'ona. "Haukusikia vile anavuta maneno? Iko mutu wa Kasai."

"Na kama iko mutu wa Kasai?"

"Mama Séphora, fungua macho! Anaangalia foto ya nyumba. Banaanza kurudia, kutafuta manyumba ya bazazi yabo. Leo foto, kesho avocat na makaratasi ya mahakama. Na foto ilitoka wapi? Biblioteki."

Séphora alimwambia aache maneno ya soko. Lakini maneno ya soko hayahitaji ruhusa ili yaingie kichwani. Nyumba yake mwenyewe, je, ilijengwa na nani? Marehemu baba yake aliinunua miaka ile. Alinunua kwa nani? Usiku ule, akikoroga bukari, alijikuta ameacha mwiko ndani ya sufuria.

Alhamisi Tshala hakuja, na hilo nalo Séphora akalitilia mashaka. Mtu anayekuja siku tatu mfululizo, kwa nini aache ya nne? Alasiri, vijana walipomaliza mabishano yao, alifunga akaenda mazoezi ya kwaya. Ijumaa asubuhi alifungua mlango, akafungua madirisha, na karibu na dirisha akakuta vibanio viwili vimebana hewa. Kadi yake ilikuwepo. Picha haikuwepo.

Alitafuta sakafuni, nyuma ya rafu, mpaka ndani ya pipa la taka. Kitasa hakikuvunjwa, dirisha halikuguswa. Saa nne Mira na kina mama wengine walikuwa wamekwisha jua, na saa nne na nusu, kama aliyeitwa, Tshala akaingia na mkoba wake mweusi.

Alikwenda moja kwa moja dirishani. Akasimama. Akageuka.

"Foto iko wapi?"

"Hata siye tunakuuliza," alisema Mira.

Watu wapatao kumi na watano walikuwa chumbani. Séphora alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyembamba na ya adabu, ile sauti aliyokuwa akiitumia darasani mwanafunzi akishukiwa wizi wa kalamu.

"Mama Tshala, usikasirike. Ulitaka kuikamata na telefone, tulikukatalia. Sasa haiko. Unaweza kutufungulia musako?"

Tshala aliuweka mkoba juu ya meza, juu ya daftari la wageni, akatoa kitu kimoja kimoja, bila haraka: sampuli za vitenge zimefungwa kwa raba, chupa ya maji, dawa za kichwa, kitambaa, simu. Aliugeuza mkoba juu chini akaukung'uta. Sarafu moja ikaanguka ikaviringika mpaka kwenye kiatu cha Mira, na Mira hakuinama.

"Mumemaliza?" Tshala aliuliza. "Ule mama mu foto njo mama yangu. Aliitwaka Kapenda. Alikuwa mushonaji huku Kamina miaka kumi na moya. Nilikuwa na miaka sita. Tulipofika Mwene-Ditu, kule Kasai, hakumaliza mwezi, homa ikamubeba. Foto yake hatuna hata moya, mizigo yote ilibakia. Nilikuja kuuzisha vitenge, nikasikia ku radio mambo ya foto, nikasema ngoja nione hata nyumba yetu. Nikamuona yeye."

Aliigeukia kadi iliyobaki kwenye kamba.

"Na ile karatasi uliandika," alimwambia Séphora, "haiko kweli. Ule kijana hakuwa anamusaidia. Alikuwa anamunyanganya. Nilikuwa ndani, chini ya kitanda. Nilisikia."

Alirudisha vitu vyake mkobani, sarafu akaiacha, akaondoka.

Séphora alibaki ameshika meza. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni, lakini chini ya aibu kulikuwa na jambo jingine, baridi zaidi. Maktaba ilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikuwa shingoni mwake. Wa pili alikuwa nao mwenyekiti.

Alijikemea. Ézéchias? Mzee wa kanisa? Mtu aliyewalea wadogo zake baba alipokufa? Lakini akili ikishaanza kufungua milango haingoji hodi. Jumatatu, siku ya ufunguzi, alikuwa amezungukia kamba zote akicheka na watu, kisha ghafla akasema kichwa kinamuuma, akaenda zake hata kabla ya soda. Kesho yake, sheria ya simu. Na kulikuwa na cherehani. Séphora alijaribu asiikumbuke akashindwa: cherehani yenye meza ya chuma iliyoingia nyumbani kwao mwaka ule wa treni. Mama yao alisema majirani wameomba watunziwe. Sare zake zote za shule zilishonwa kwayo. Sasa ilikuwa kwa Ézéchias, mkewe akishonea watu.

Jumamosi, watoto walipokwisha kusomewa na kwenda, Kisimba alitokea, vumbi la njiani bado kwenye viatu. Séphora alimweleza picha imepotea, akamwomba radhi.

"Haina neno, mama," alisema Kisimba. "Tutaitoa ingine. Negatifu ziko na yaya yako."

"Yaya yangu?"

"Mwalimu Ézéchias. Alikuja kwangu Mardi mangaribi, kesho yake nikaenda mu mugini, akaniomba negatifu zote za mwaka ule. Akasema comité itazichunga mu armoire, panya zisizikule." Alimtazama usoni. "Hakukuambia?"

"Aliniambia," Séphora alidanganya, na ulikuwa uongo wake wa kwanza ndani ya nyumba ile ya vitabu.

Alingoja Jumapili, ibada iishe. Alimkuta kaka yake uani kwake, amevua koti, ameketi kwenye kiti cha mianzi na sahani ya bukari na samaki mbele yake. Kutoka ndani ilisikika cherehani ikienda, kwa maana wifi yake alikuwa na magauni ya harusi ya kumalizia.

"Yaya, foto iko wapi?"

"Foto gani?"

"Yaya, minyi haiko mutoto. Kisimba aliniambia mambo ya negatifu."

Ézéchias aliendelea kula matonge mawili, matatu. Kisha akasukuma sahani.

"Niliichoma."

"Na negatifu?"

"Byote."

Séphora aliketi chini, kwenye ngazi. Aliuliza kwa nini, ingawa alijua. Ézéchias alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye mlango, ili mkewe asisikie. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku ile kila mtu alikuwa akibeba: viti, magodoro, masufuria, mpaka milango. Mtu asiyebeba alionekana msaliti. Yeye alikwenda kwa mshonaji kwa sababu alijua ana cherehani.

"Ulijua je?"

"Alinishoneaka kaputula." Alijifuta mdomo ingawa ulikuwa mkavu. "Hakuachilia, Séphora. Alikamata meza ya mashini na mikono mbili. Aliniita na jina yangu. Akasema, Ézéchias, mama yako anajua uko hapa? Mupiga picha alikuwa kwenye kiwanja, familia ya yule mama ilikuwa imemuita akamate foto ya kuaga. Akapiga. Nikavuta kwa nguvu, akaanguka."

"Na mama yetu? Alijua?"

Ézéchias aliitazama sahani. "Aliipanguza mafuta kesho yake," alisema. "Akaanza kushona."

Ndani, cherehani iliendelea kwenda.

Jumatatu Séphora alikwenda sokoni. Alimkuta Tshala kwenye safu ya wauza vitenge, anapima kwa mkono. Alimweleza yote mbele ya wateja, bila kupunguza, na jina la kaka yake akalitaja. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, hata kwa kofi.

"Kwa hiyo hata negatifu haiko," alisema Tshala.

"Haiko."

"Na mashini?"

"Iko. Inashona bado."

"Nitatuma mutu na baiskeli yake akuje kuibeba leo." Alikunja kitenge, akakikunja tena, ingawa kilikuwa kimekwisha kunjwa. "Na yeye mwenyewe akuje biblioteki kesho. Njo mutu wa mwisho kuona ile foto. Akuje aniambie yote ilikuwa mule ndani. Minyi nitaandika."

Mchana ule watu wa mtaa walishangaa kuona baiskeli ya mizigo ikitoka kwa mwalimu na cherehani imefungwa kamba nyuma, na mke wa mwalimu amesimama mlangoni, gauni la mtu mkononi, nusu limeshonwa.

Jumanne ilikuwa siku ya kina mama. Séphora alitaka kuwarudisha nyumbani, Tshala akakataa. Siku ya kufunguliwa mkoba walikuwepo, alisema, basi na leo wabaki. Kwa hiyo kina mama walikaa na madaftari yao yamefungwa, Mira katikati, na Ézéchias akaketi kwenye kiti kidogo mbele yao, mtu mnene aliyezoea kiti chenye mikono. Hakumwangalia mtu. Aliomba msamaha kwa maneno mazuri, kama mtu wa mimbari. Tshala alimwacha amalize.

"Tuanze," alisema. "Alikuwa amevaa nini?"

"Kitenge. Foto haikuwa na rangi, lakini ninakumbuka, ilikuwa kijani, na maua makubwa."

"Kichwani?"

"Kitambala. Kilikuwa kinataka kuanguka, upande huu."

"Viatu?"

"Mapatapata. Muguu moya tu. Ingine ilikuwa imetoka."

Kalamu ya Tshala ilikwenda. Mara kwa mara alisimama akamtazama kwa jicho jembamba, kisha akaandika tena.

"Uso?"

"Alikuwa mutulivu," alisema Ézéchias. "Alikuwa anaangalia pembeni, ku mulango. Pale kulikuwa mutoto mwanamuke mudogo, amesimama. Mama alikuwa anamuangalia na upendo. Nafikiri yule mutoto njo weye."

Kina mama waliguna kwa huruma. Mmoja akajipangusa jicho na ncha ya kitenge. Tshala alikuwa ameacha kuandika. Uso wake ulianza kulegea, kisha ukajikaza tena.

"Minyi nilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Kulikuwa mutoto mu ile foto?"

Hakumwuliza Ézéchias. Alikuwa amemgeukia Séphora.

Macho yote yalimhamia. Séphora alijua kwamba neno moja lingetosha kumwacha kaka yake aondoke na heshima kidogo, na labda lingempa mwanamke huyu kitu cha kujifariji. Alijua vilevile kwamba alikuwa ameibana picha ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Hakukuwa mutoto. Mama alikuwa anaangalia kijana."

"Séphora," kaka yake alinong'ona.

"Anamuangalia yeye, usoni. Mudomo wazi, kama anasema."

Tshala alichana ile karatasi, akaikunja, akaiweka kando. Alifungua ukurasa mpya.

"Anza tena," alimwambia Ézéchias. "Na weye, mama Séphora, leta kiti, ikala hapa. Kila neno anasema, kama ni bongo, kama haiko kweli, unaniambia."

Walianza tena kwenye kitenge. Safari hii Ézéchias alisema polepole, na mara mbili Séphora alimkatiza: mlango haukuwa wazi wote, na mkono wa mama haukuwa juu ya cherehani bali chini ya meza yake. Ézéchias alipofika kwenye uso alisema alichokiona, kwamba mama hakuwa na hofu, alikuwa amekasirika, kama mtu anayemkanya mtoto wake. Kurasa tatu zilijaa. Tshala aliwapa wote wawili watie sahihi chini, akazisoma tena kimya kutoka mwanzo, midomo ikicheza.

"Sijue kama njo kweli yote," alisema akisimama. "Sitajua hata siku moya. Lakini sina ingine."

Alipanda treni Alhamisi, cherehani ikiwa imeandikwa jina kwa chaki. Wiki ile Ézéchias aliandika barua ya kutoka kwenye kamati, na kanisani akahamia benchi la nyuma. Mji uligawanyika. Wapo waliosema Séphora amemwuza kaka yake kwa mtu wa kuja. Familia kadhaa zilikuja kimyakimya kuchukua picha zao, zikazitazama vizuri kwanza, mbele na nyuma. Mira alikosa Jumanne mbili, ya tatu akarudi, akaketi karibu na mlango, akafungua daftari bila neno.

Séphora hakusimamisha shughuli hata moja. Lakini kadi zote za Wiki ya Picha alizisoma upya, na zile alizoziandika kwa kukisia akazitoa.

Mwezi uliofuata Ézéchias alikuja kwake kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Walikunywa chai, wakaongea habari za mvua na za shule. Séphora aliangalia kabati la vyombo la marehemu mama yao, lile la mbao nyekundu lenye vioo, lililosimama ukutani tangu alipokuwa mdogo.

"Yaya," aliuliza, "na iyi armoire, ilitoka wapi?"

Ézéchias aliweka kikombe chini.

"Iyi baba alinunua," alisema. "Kwa fundi wa hapa hapa."

"Fundi gani?"

"Alishakufa."

Séphora aliitikia kwa kichwa, akammiminia chai nyingine. Kaka yake alipokwisha kwenda, alilivuta kabati kutoka ukutani, akachukua tochi ya simu, akaanza kuangalia mgongoni kama kuna jina la mtu.